Bastola inakwama? Kagua mikono kabla ya kuipeleka kwa fundi

Mtu akifika uwanja wa shabaha na bastola inayokwama, mara nyingi ameshatoa hukumu. Atasema risasi ni mbovu, magazini (kasha la risasi linaloingia kwenye mpini) imechoka, au aliuziwa silaha yenye kasoro. Wengine wameshaipeleka kwa fundi, springi ikabadilishwa, pesa zikaenda na tatizo likabaki palepale. Kwa bastola hizi zinazojipakia zenyewe, mimi naanza na swali lingine: mikono ilikuwa ikifanya nini risasi ilipotoka? Jibu lake hupatikana papo hapo uwanjani, kabla hujafungua skrubu hata moja.

Nawaandikia wenye leseni wa Nairobi na viunga vyake, wanaofanyia mazoezi Kirigiti, Lang'ata au kwingineko. Wengi tunabeba bastola ya milimita 9 na tunapiga risasi chache sana, maana risasi ni ghali na nafasi ni haba. Mkono haupati mazoea. Ndiyo maana makosa ya mshiko ni mengi kwetu, na ndiyo maana yanafaa kuzungumzwa waziwazi bila mtu kuona haya.

Kwanza usalama. Bastola ikigoma, mdomo wa mtutu unabaki umeelekea shabaha na kidole kinatoka kwenye kifyatulio. Ukibonyeza na isilie, subiri sekunde 30 ukiwa bado umeielekeza shabahani, kwa sababu baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Na ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, teke (ule msukumo wa kurudi nyuma) likawa dogo, simama kabisa. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimenasa ndani ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake unaweza kuupasua mtutu huo na kujiumiza vibaya. Toa magazini, fungua slaidi (kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele), hakikisha chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, ni tupu, kisha mwite msimamizi. Hilo halihusiani na mshiko hata kidogo, na hakuna la kujaribujaribu hapo.

## Mkono unaingiaje kwenye mtambo

Risasi inapolipuka, kichwa chake kinakwenda mbele, na slaidi inarudi nyuma. Kwenye bastola nyingi za milimita 9, mtutu na slaidi huanza safari vikiwa vimeshikana, vikaenda pamoja milimita chache, kisha nyuma ya mtutu inashuka na slaidi inaendelea peke yake. Njiani slaidi inalivuta ganda kutoka kwenye chemba, ganda linagonga kijichuma kilicho kwenye fremu (mwili wa bastola wenye mpini) na kurushwa nje kupitia dirisha la pembeni. Slaidi ikifika mwisho, springi inairudisha mbele, inasomba risasi mpya kutoka kwenye magazini na kuifungia kwenye chemba. Yote hayo yanaendeshwa na nguvu ya risasi moja tu, na yanakwisha kabla hujapepesa jicho.

Sasa angalia: slaidi inatembea juu ya fremu, na fremu iko mikononi mwako. Fremu ikitulia, slaidi inamaliza mwendo wake wote. Fremu ikirudi nyuma pamoja na slaidi kwa sababu mkono umelegea, slaidi inasafiri umbali mfupi kuliko inavyotakiwa, tena kwa kasi ndogo. Ni kama kupigilia msumari kwenye ubao unaoning'inia: nyundo ni ileile na nguvu ni ileile, lakini ubao unakimbia na msumari hauingii.

Uzito wa fremu nao una usemi. CZ 75 ya chuma, ambayo wengi wetu tunaiita Ceska, ina takriban kilo moja. Glock 17, iliyotoka mwaka 1982 ikiwa na fremu ya plastiki, ina kama gramu 625 bila magazini. Fremu nzito ya chuma inajituliza yenyewe kwa kiasi fulani, kwa hiyo inamsamehe mwenye mkono mlegevu. Fremu nyepesi inakutegemea wewe. Ndiyo sababu mtu aliyepiga Ceska miaka mingi bila shida anaweza kununua bastola ya plastiki na kuanza kukwama wiki ya kwanza, akaapa kwamba silaha mpya ni mbovu. Na kumbuka kwamba magazini iliyojaa huiongezea fremu uzito. Risasi zikipungua, fremu inazidi kuwa nyepesi. Ukiona inakwama zaidi magazini ikikaribia kuisha, shuku mkono na springi ya magazini, vyote viwili.

## Ganda limesimama dirishani, au slaidi imefunga juu ya chemba tupu

Hizi nazitaja pamoja kwa sababu chanzo chake huwa kimoja: slaidi haikurudi nyuma ya kutosha. Katika hali ya kwanza, ganda tupu limebanwa na slaidi likiwa limesimama nusu ndani nusu nje. Katika ya pili, ganda limetoka vizuri lakini slaidi haikufika nyuma ya risasi inayofuata, ikarudi mbele mikono mitupu. Unabonyeza, unasikia "tik", basi.

Kabla haijafikia kukwama, bastola hukupa onyo. Tazama maganda yanaangukia wapi. Yakiruka kwa nguvu upande mmoja na kutua karibu mahali pamoja, mtambo una nguvu za kutosha. Yakianza kukuangukia kichwani, kifuani au kudondoka karibu na miguu, slaidi inatembea kivivu. Huenda bado hujakwama hata mara moja leo, lakini uko njiani.

Nilikuwa uwanjani mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alipokuja na bastola ndogo ya kubeba kwenye mkoba. Alikuwa ameshapelekwa huku na huku. "Mwalimu, hii kitu imenichosha," akasema. "Nikipiga mbili, ya tatu inakwama." Nikamwomba apige nikimrekodi kwa simu, mwendo wa polepole, nikiwa nimesimama pembeni yake nyuma ya mstari. Ganda likasimama dirishani kama alivyosema. Nikaichukua bastola ileile, magazini ileile na risasi za boksi lilelile, nikapiga hadi zikaisha bila shida. Kisha tukatazama video pamoja. Viwiko vyake vilikuwa vimekunjwa hadi kugusa mbavu, mkono wa kulia umeshika chini kabisa ya mpini, na ule wa kushoto umekingwa chini ya magazini. Risasi ilipotoka, kifundo cha mkono kilikunjika kwenda nyuma na bastola nzima ikapanda pamoja na slaidi yake.

"Kumbe ni mimi?"

"Si wewe, mama. Ni vile ulivyofundishwa kuishika."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mtu alimwambia asiibane, eti akiibana atatetemeka na kukosa shabaha. Akawa anaishika kwa heshima. Tulipopandisha mkono wa kulia hadi juu kabisa ya mpini, tukauleta ule wa kushoto ubavuni, na akanyoosha mikono mbele, alimaliza magazini nzima bila kusimama. Maganda yakawa yanaruka upande wa kulia, yote karibu sehemu moja.

Hapa nina neno kuhusu bastola ndogo. Wanawake wengi, na wanaume wenye mikono midogo, wanauziwa bastola ndogo kwa maelezo kwamba ni rahisi. Si rahisi. Ni nyepesi, kwa hiyo teke linasikika zaidi. Slaidi yake ina mwendo mfupi, kwa hiyo haina nafasi ya kupoteza. Springi yake huwa ngumu, na mpini ni mfupi kiasi kwamba kidole cha mwisho kinaning'inia hewani. Mwanafunzi anapewa silaha inayohitaji mshiko imara kuliko zote, halafu analaumiwa ikikwama. Kwa anayeanza, bastola ya ukubwa wa kati ni mwalimu mzuri zaidi, na ile ndogo ingoje.

Marekebisho yenyewe ni haya. Sehemu iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada ipande hadi igote kwenye pembe ya juu ya mpini, bila nafasi ya wazi kati ya ngozi na fremu. Angalia tu isipande hadi kuwa nyuma ya slaidi yenyewe, maana slaidi itakukata. Kiganja cha mkono wa pili kijaze nafasi iliyobaki ubavuni mwa mpini, vidole vyake vikifunga juu ya vidole vya mkono wa kwanza, chini ya kikinga cha kifyatulio. Kifundo cha mkono kikazwe kisikunjike. Kuhusu nguvu, kaza hadi bastola ianze kutetemeka, kisha legeza kidogo mpaka itulie. Hapo ndipo pako. Mkono wa pili ubane zaidi ya ule unaofyatua, ili kidole cha kifyatulio kibaki huru.

Uchovu nao ni chanzo. Mtu anaanza vizuri, na baada ya saa moja ya jua la Januari viganja vina jasho na mikono imechoka, ndipo kukwama kunaanza. Ukiona matatizo yanakuja mwisho wa zoezi tu, pumzika, jifute mikono, unywe maji, kisha ujaribu tena kabla ya kulaumu chuma.

## Slaidi haibaki wazi risasi zikiisha

Hii ndiyo shida ninayoiona zaidi kwa wapigaji ambao wameshajifunza kushika vizuri. Wameambiwa waweke vidole gumba juu na mbele, wakatii, na sasa kidole gumba kimelalia kishikizo cha slaidi, kile kichuma kidogo cha ubavuni. Risasi ya mwisho ikitoka, magazini inajaribu kukisukuma kichuma hicho juu ili slaidi ibaki nyuma, lakini kidole kinakikandamiza chini. Slaidi inafunga. Mpigaji anabonyeza, hakuna kitu, anadhani risasi imegoma kumbe magazini ni tupu.

Kuthibitisha ni rahisi. Weka risasi moja tu kwenye magazini, piga ukishika kama kawaida yako. Slaidi isipobaki nyuma, rudia ukiwa umeviinua vidole gumba mbali kabisa na kichuma hicho. Ikibaki wazi sasa, umepata jibu. Isipobaki, jaribu magazini nyingine. Springi ya magazini iliyochoka hutoa dalili hiihii hasa, na watu wengi hubadilisha mshiko bure wakati magazini moja kati ya mbili ndiyo yenye kosa. Ziwekee magazini zako namba kwa rangi au kalamu isiyofutika. Ni kazi ya dakika moja, na bila hiyo hutajua ni ipi inayokusumbua.

Kinyume chake pia hutokea: slaidi inabaki wazi wakati risasi bado zipo. Hapo kidole gumba cha mkono wa pili kimekaa chini ya kile kichuma, na teke linapokuja kinakisukuma juu. Hili nalichukulia kwa uzito zaidi kuliko lile la kwanza, kwa sababu aliyebeba bastola kwa kujilinda atasimama akiamini risasi zimeisha. Wanaotumia mkono wa kushoto wachunguze kidole chao cha shahada nacho, maana kwao kichuma hicho kiko upande wa kidole hicho.

## Slaidi imefunga nusu

Unaona mwanya mdogo nyuma, slaidi haikufika mbele kabisa, na bastola haifyatuki. Kwa upande wa mikono kuna vyanzo viwili. Cha kwanza ni kidole gumba kinachoegemea slaidi ubavuni. Msuguano huo unaonekana mdogo, lakini slaidi inaporudi mbele haina nguvu nyingine ila ya springi, na inatakiwa kuisukuma risasi hadi ndani ya chemba. Ukikuta alama nyeusi ya masizi na mafuta kwenye ubavu wa kidole gumba baada ya zoezi, umepata ushahidi.

Cha pili hutokea wakati wa kupakia. Mtu anakoki, yaani anavuta slaidi nyuma, halafu badala ya kuiachia slaidi irudi yenyewe, anaisindikiza mbele kwa mkono polepole, akiogopa kelele au kuharibu chuma. Springi ilitengenezwa kuifunga slaidi kwa kasi yake yote. Vuta hadi mwisho, achia kabisa.

Lakini hapa pia uchafu una sehemu yake kubwa. Bastola inayobebwa kiunoni kila siku, kwenye matatu na vumbi la barabara zinazojengwa, inakusanya nyuzi za nguo na mchanga hata kama haijapigwa miezi sita. Mafuta mengi kupita kiasi yanayashika hayo yote na kuyageuza matope. Isafishe kwanza, ipake mafuta kidogo, ndipo uulize kuhusu kidole.

## Magazini inaanguka yenyewe

Tazama kitako cha kidole gumba au kiganja cha mkono wa pili. Wenye mikono mikubwa hubonyeza kitufe cha kutolea magazini bila kujua, hasa teke linapofanya mkono uhame. Pete pia hufanya hivyo. Wakati mwingine magazini haianguki, inashuka kidogo tu na kukaa hapo, kisha slaidi inapita juu bila kugusa risasi. Ukikoki na hakuna risasi inayoingia, igonge magazini kwa kiganja kutoka chini kabla ya kitu kingine chochote.

## Kifyatulio hakifanyi kazi

Kwa bastola za mtindo wa 1911, kuna kitasa cha usalama nyuma ya mpini kinachotakiwa kubanwa na kiganja. Mpigaji akiweka kidole gumba juu sana, kiganja kinaachia nafasi na bastola haifyatuki. Kwenye Glock, kuna ulimi mdogo katikati ya kifyatulio. Kidole kikigusa ukingo tu, ulimi haubonyei na kifyatulio kinagoma. Kwenye Ceska yenye kitasa ubavuni, kidole gumba kinaweza kukipandisha katikati ya zoezi. Na kwa bastola yoyote, mtu anayepiga haraka anaweza asikiachie kifyatulio kirudi mbele vya kutosha, akavuta tena akapata ukimya.

Wenye rivolva hawana slaidi ya kuwasumbua, ila wasiweke kidole gumba mbele karibu na mwanya kati ya silinda na mtutu. Gesi inayotoka hapo ni moto, ina kasi, na inaweza kukata ngozi.

## Utajuaje kwamba si mikono

Kanuni yangu ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Badilisha mpigaji kwanza, na kila kitu kingine kibaki vilevile. Mpigaji huyo awe mwalimu wa uwanja, palepale kwenye mstari, chini ya usimamizi. Silaha ya leseni si kitu cha kuazimana kirafiki, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haina mzaha katika hilo. Akipiga bila shida, rudi kwenye mshiko wako. Naye akikwama vilevile, badilisha magazini, kisha aina ya risasi.

Kuna dalili ambazo mkono hauzisababishi. Fataki (kile kiwashio cha baruti kitakoni mwa ganda) yenye alama hafifu sana ya pini inayoigonga inaelekeza kwenye pini, springi ya nyundo au uchafu. Ganda linalobaki ndani ya chemba wakati slaidi imerudi nyuma vizuri linaelekeza kwenye ile ndoano ya kulivuta, au chemba chafu. Risasi mbili zikigombania kuingia chemba kwa pamoja, kagua midomo ya magazini. Risasi dhaifu nazo huiga mkono mlegevu kikamilifu, kwa sababu matokeo ni yaleyale: slaidi haifiki nyuma.

Tena, sikubaliani na wanaosema kila kukwama ni kosa la mpigaji. Bastola ya kujilinda inaweza kutumika siku ambayo mkono mmoja umeshika mtoto, au umeumia. Ipige kwa mkono mmoja, wa kulia kisha wa kushoto, ukiwa umekaza kadiri unavyoweza. Ikikwama mikononi mwako na mikononi mwa mwalimu, kwa magazini zote na risasi nzuri, mimi nisingeibeba hadi itengenezwe.

Mazoezi ya mshiko unaweza kuyafanya nyumbani bila risasi, ukiwa umekagua chemba mara mbili, na risasi zote za kweli zikiwa zimefungiwa chumba kingine. Kuchunguza kwa nini bastola inakwama kwa kutumia risasi halisi ni kazi ya uwanjani peke yake. Usitegemee kuta za nyumba zetu za ghorofa kuzuia risasi, na jirani yuko upande wa pili.

Ikibidi kwenda kwa fundi, mwendee aliyesajiliwa, na usimwambie tu kwamba "inakwama". Mpelekee picha ya jinsi ilivyokwama kabla hujaigusa, namba ya magazini, aina ya risasi, ilikuwa risasi ya ngapi tangu magazini ijae, maganda yalikuwa yakiangukia upande gani, na nani mwingine aliipiga na kilichotokea.